Slaidi Thelathini na Nane na Mgongo Wangu

Asalaam aleikum, mama zangu, dada zangu, na wazee mlioketi upande ule wa feni. Na nyinyi wenzangu Wakristo, habari za asubuhi. Nimeambiwa muda wangu ni mpaka chai iletwe, na mimi nikisikia harufu ya chai huwa naongea mbio, kwa hivyo mnivumilie.

Wengi hapa mnanijua. Wengine mnanijua kwa jambo moja tu, na ndilo hilo lililonisimamisha mbele yenu leo. Mimi ndiye yule katibu wa akina mama wa maziwa ya ngamia aliyewasomea wanunuzi ukuta. Naona mnacheka. Chekeni tu, siku hizi hata mimi nacheka. Lakini kuna wakati nikisikia watu wanacheka dukani nilikuwa napita bila kununua chumvi niliyotumwa na njaa yangu mwenyewe, nikidhani ni mimi wananicheka.

Majina sitataja. Anayejijua atajijua, na nikimsifu asiniombe soda.

Mimi ni mtoto wa Isiolo mjini. Babu aliletwa huku na jeshi la wakoloni, vita vikaisha, akabaki. Baba alikuwa na lori. Ngamia sikuchunga, kukamua sijui mpaka leo. Nilichoingia nacho kwenye chama cha maziwa ni kisomo: cheti cha kompyuta na mwandiko mzuri. Akina mama wakanipa ukatibu, na nawaambia ukweli, ndugu zangu, kile cheti nilikivaa kama taji. Mama akiniuliza kitu, nilikuwa namjibu kwa maneno makubwa kuliko swali lake.

Chama chetu mnakijua. Maziwa hutoka Gotu, hutoka upande wa Garbatulla, mengine huja kutoka Oldonyiro yakiwa yametikiswa na barabara mpaka yanakaribia kuwa siagi. Kiangazi watu huyagombania. Lakini mvua ikinyesha na ngamia wakishiba, maziwa huwa mengi kuliko midomo ya mji huu. Hapo ndipo unamwona mama aliyeamka kabla ya adhana akimwaga maziwa mchangani huku ameangalia pembeni, kama mtu anayezika.

Basi tukapata habari. Wenye hoteli, wenye kambi za watalii na wenye maduka makubwa ya Meru na Nanyuki watakutana siku moja katika ukumbi hapa mjini, na kila kikundi cha wauzaji kitapewa dakika ishirini kujieleza. Mwenyekiti wetu ni mama wa Kiborana ambaye hajui kuzunguka na maneno. Aliniangalia akasema, "Katibu, hii kazi yako. Wewe iko na kompyuta. Ongea na hao watu vizuri, wanunue maziwa."

Nilifanya kazi wiki tatu. Niliweka historia ya chama. Niliweka katiba. Niliweka jedwali la vitamini, jedwali la lita, jedwali la majedwali. Kila sentensi ilikuwa inaingia ikiruka kutoka kushoto, herufi moja moja, na mlio wake. Nikatafuta picha mtandaoni nikapata wazungu wawili wamevaa suti, wanapeana mikono. Nikaona hiyo ndiyo biashara yenyewe. Ndugu zangu, nilitengeneza slaidi thelathini na nane kuhusu maziwa ya ngamia, na ndani yake hapakuwa na ngamia hata mmoja.

Sasa hapa lazima nimlete mume wangu, maana bila yeye hakuna ushuhuda.

Yuko pale, shati la samawati, anayetabasamu kabla sijafika penye kuchekesha. Yule kijana aliyekaa mbele yake anamtafsiria. Mume wangu ni fundi cherehani, na ni kiziwi. Alishikwa na homa ya uti wa mgongo akiwa darasa la pili. Yeye akapona, masikio hayakurudi. Alisomea shule ya bweni ya viziwi upande wa Meru, na huko akajifunza kushona. Mimi nilimjua aliponishonea sketi ya kazi. Ilinikaa vizuri hata nikamrudia na nguo nyingine airekebishe, na ile nguo haikuwa na shida yoyote. Aliiangalia, akaniangalia mimi, akaikunja, akanirudishia na karatasi aliyoandika: "Nguo haina kosa. Lakini rudi kesho." Mnacheka! Nilirudi.

Shangazi zangu walisema nitaishi kwenye nyumba ya kimya. Hawajui wanachosema. Nyumba yetu ina kelele kuliko soko la mbuzi. Akitaka umwangalie anagonga meza, anakanyaga sakafu, anawasha na kuzima taa mpaka majirani wanafikiri stima imeleta wazimu.

Asubuhi ya siku ile ya wanunuzi alinipigia pasi buibui, akanifunga vishikizo vya mikononi, kisha akaniuliza kwa ishara, "Nije? Nitakaa nyuma kabisa."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia ni mambo ya ofisi, atachoka.

Huo ulikuwa uongo. Niliogopa wale watu wa suti watuone tukiongea kwa mikono. Miaka kumi na moja ya ndoa, na mume niliyemchagua kwa macho yangu mawili, lakini mkutanoni sikuwahi kumpeleka hata mara moja. Hakubishana. Alichukua futi yake ya kupimia, akaivaa shingoni, akaenda kazini. Nawaambia hili mbele yake kwa sababu nilishamwambia yeye kwanza.

Basi nikaingia ukumbini. Projekta ikawashwa. Nikageukia ukuta ili nisome, na sikugeuka tena. Kila herufi iliyoruka niliisubiri itue, kisha nikaisoma. Nilikuwa nasikia viti vinalia. Nikasikia simu inapokelewa. Nikasikia mtu anakoroga chai kwa muda mrefu sana, kama anatafuta kitu ndani ya kikombe. Nikaongeza sauti. Nilipofika slaidi ya kumi na tisa, msimamizi akaja akanigusa bega, "Dada, muda umeisha." Sikuwa nimefika hata kwenye maziwa, bado nilikuwa kwenye katiba.

Akauliza kama kuna maswali. Kisha mzee mmoja nyuma akainua mkono, moyo wangu ukaruka kwa furaha. Akauliza choo kiko wapi.

Mwenyekiti wetu alikuwa mstari wa mbele na akina mama wengine watatu, wamevaa nguo zao za Idi. Mmoja wao alikuwa amebeba chupa ya chai yenye maziwa yetu ya kuonjesha watu. Ilirudi nyumbani imejaa.

Wiki iliyofuata tukaitwa kikao. Mwenyekiti hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia. Alisema tu, "Mwanangu, pumzika kidogo. Tutaweka katibu mwingine." Na hapa ndipo nilipoanguka hasa, ndugu zangu. Si pale ukumbini. Ukumbini nilijikwaa tu. Nilianguka nilipofungua mdomo. Nikawaambia wale akina mama, "Nyinyi hamkusoma. Hamwezi kujua kazi niliyofanya." Nikaweka ufunguo wa ofisi mezani kwa kishindo, nikatoka. Mama mmoja ambaye umri wake ni wa kunizaa mara mbili aliinama kuangalia mikono yake.

Mvua za msimu ule zilikuwa nzuri. Wafugaji walimshukuru Mungu, na mimi nikajifungia ndani. Siku moja nilitoka kwenda kwa daktari wa meno, nikapita karibu na uwanja wetu wa maziwa, nikaona mahali mchanga umelowa, mweupe, inzi wamejaa. Sikuuliza. Nilirudi nyumbani na jino langu, kwa daktari sikufika.

Mume wangu hakuniuliza kwa miezi miwili. Alikuwa ananiona tu. Watu hufikiri kiziwi hajui kinachoendelea, kumbe usoni mwako anasoma hata yale uliyojificha mwenyewe. Ijumaa moja baada ya swala, duka lake la ushonaji likiwa limefungwa nasi tuko ndani, akanigongea meza. "Leta kompyuta," akasema kwa mikono. "Nionyeshe ulichowaonyesha."

Nikamwambia haina haja.

"Mimi ndiye mnunuzi. Nina hoteli kubwa. Niuzie."

Akavuta stuli, akakunja miguu, akashika kidevu kama tajiri. Nikaona nitamridhisha, yaishe. Nikaweka kompyuta juu ya meza ya kukatia nguo, nikaanza. Kama kawaida yangu nikaigeukia skrini, huku nikijaribu kumtafsiria kwa mkono mmoja. Nilipofika slaidi ya nane hivi nikageuka nimuulize anaonaje. Stuli haina mtu. Bwana yuko kule kwenye kona, ameshawasha pasi, ananyoosha suruali ya mteja.

Nikachemka. Nikakanyaga sakafu. "Umeenda wapi?"

Akaiweka pasi chini. "Wewe umeenda wapi? Mimi niliachwa hapa."

"Nilikuwa naeleza!"

"Nimeona mgongo wako robo saa. Ni mgongo mzuri, naupenda, lakini hoteli yangu hainunui mgongo."

Nilitaka kukasirika, kicheko kikanitoroka. Kikaanza kicheko, kikaishia kilio. Yeye akanisubiri mpaka nikamaliza, kisha akanikalisha kwenye stuli na kusimama yeye mbele. Akaniambia kitu ambacho nataka mkisikie vizuri, hasa nyinyi vijana mnaotengeneza hizi slaidi.

Akasema, "Mimi nina macho tu. Nikiangalia mikono yako, sioni ukuta. Nikiangalia ukuta, sioni mikono yako. Ukiweka maneno ukutani na wewe unaongea wakati huohuo, nifuate nani?"

Nikamjibu, "Lakini wale wanasikia. Wanaweza kusoma na kunisikiliza pamoja."

"Wewe unaweza? Soma hilo gazeti huku nakuongelesha."

Akanipa gazeti la kufungia nguo, akaanza kuniongelesha habari za mama yake. Sikupata gazeti, na sikupata mama yake. Tukajaribu na binti yetu mkubwa, akaja akaniongelesha kwa mdomo huku nasoma, nikamwitikia "ndiyo" kwa jambo ambalo baadaye niligundua ni ruhusa ya kutoboa masikio mara ya pili. Ndugu zangu, mtu ni mmoja hata awe na masikio manne. Akisoma, hakusikii. Akikusikia, hasomi. Mimi niliwalazimisha wale watu wachague, wakachagua chai.

Hapo tukaanza upya. Aliichukua ile karatasi ya kaki anayochorea vipande vya nguo, akaikata kurasa. Akaweka sheria yake: ukurasa mmoja, jambo moja. Nikiandika sentensi mbili, anachukua mkasi. Wallahi alikuwa anakata maneno yangu bila huruma, na mimi namshika mkono, "Hilo la katiba liache!" Ananiuliza, "Mwenye hoteli atapikia katiba?" Linaanguka chini na mabaki ya vitambaa.

Kisha akaniuliza swali lililonishinda. "Hao wanunuzi wanaogopa nini?"

Sikujua. Wiki tatu nilizotengeneza zile slaidi, sikuwahi kujiuliza yule anayezitazama ana wasiwasi gani. Nilikuwa nimejiandalia mwenyewe, nionekane nimesoma.

Basi nikatoka nyumbani. Mara ya kwanza kwa ajili ya maziwa baada ya miezi miwili. Nikaenda jikoni kwenye hoteli tatu hapa mjini, nikapitia mlango wa nyuma, nikauliza wapishi. Mpishi mmoja mnene, mtu wa Meru, mcheshi, aliniambia bila kuficha, "Mama, hayo maziwa yenu yananuka moshi. Mgeni akinywa chai ananiuliza kama nimeunguza sufuria. Na lingine, siku barabara ikikatika, mnaniletea susa wakati nilitaka maziwa." Susa, kwa wale hawajui, ni maziwa yaliyoganda na kuchachuka. Nilimshukuru yule mpishi mpaka akashangaa. Alikuwa amenipa slaidi mbili.

Tukaenda Gotu, mimi na mume wangu, kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Tulikwenda kwa yule mama niliyemwona akiinamia mikono yake. Nilipomfikia sikuweza hata kusalimu vizuri. Nikamwambia, "Mama, nilikukosea adabu." Akaniangalia, akasema, "Ulikuwa na njaa ya maneno. Kaa chini, kunywa." Hayo ndiyo yalikuwa mashtaka yote, na hukumu yote.

Akatuonyesha anavyofanya. Chombo cha kusukwa, gorfa, anakiosha, kisha anachukua kijinga cha mzeituni wa porini, anakiingiza ndani, anakizungusha, moshi unashika ukuta wa chombo, halafu anafuta. Moshi huo ndio unaofanya maziwa yakae bila kuharibika, ndio unaoleta ile harufu. Mimi nilikuwa katibu miaka mitatu na sikuwahi kuona jambo hilo. Mume wangu alipiga picha kwa simu baada ya kumwomba ruhusa. Fundi ana jicho. Hakumpiga mama akitabasamu kwenye kamera. Alipiga mikono yake, gorfa, na moshi unaotoka polepole.

Siku chache baadaye mwenyekiti akaja nyumbani pamoja na katibu mpya, binti mpole aliyekuwa ameinamisha kichwa kama yeye ndiye mwenye makosa. Mwenyekiti hakukaa hata vizuri. "Wale wanunuzi wanakutana tena. Sisi nataka ile flashi yako tu. Huyu atasoma."

Kabla sijajibu, mume wangu aliyekuwa akiangalia midomo akagonga meza. Akaongea, mimi nikatafsiri, aibu imenijaa: "Anasema flashi haina mdomo."

Mwenyekiti akamwangalia sana. Yule katibu mpya akainua kichwa akasema, "Dada, tafadhali njoo wewe. Mimi nimezisoma zile slaidi mara tano. Hata mimi sijui tunauza nini."

Nikawaomba msamaha wote wawili. Nikawaonyesha kurasa za kaki, moja baada ya nyingine, bila kusema kitu. Mwenyekiti alipofika kwenye picha ya moshi tuliyoibandika, akacheka kwa furaha, "Huyu mama nani! Hii mikono najua!" Akaanza kueleza mwenyewe, kwa Kiborana na Kiswahili, namna mama yake alivyomfundisha kuchagua kuni. Mume wangu akanipa ishara ndogo: umeona? Ukurasa mmoja, na mtu hawezi kunyamaza.

Siku ikafika. Mlangoni palikuwa na kijana wa kuandika majina. Akaniandika, kisha akamwangalia mume wangu, ambaye nilikuwa nikiongea naye kwa mikono. "Na huyu?"

Ndugu zangu, nisiwafiche. Ulimi wangu ulikuwa tayari kusema dereva. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Watu wa suti wako nyuma yetu, wanatutazama. Nikakumbuka futi ile shingoni, siku ile alipogeuka kwenda kazini bila kubishana. Nikasema, kwa sauti, na kwa mikono yote miwili ili naye aone, "Ni mume wangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii. Atakaa mbele."

Alikaa mbele, pembeni, kiti kimegeuzwa ili awaone watu, si ukuta. Tulikuwa tumekubaliana: akishika kola, nipunguze. Akinyoosha kidevu upande fulani, pale kuna mtu ameshasafiri na mawazo yake.

Slaidi zilikuwa tisa. Ya kwanza haikuwa na neno. Ngamia, mama, mkono, povu la maziwa, jua linachomoza. Nikaiweka, nikanyamaza. Mnajua ilivyo ngumu mtu kama mimi kunyamaza mbele ya watu? Nikahesabu pumzi tano. Watu wakaweka vikombe chini. Hapo ndipo nikaanza kuongea, nikiwa nimewaangalia usoni, na nikagundua wana nyuso. Mara ya kwanza sikuziona.

Slaidi ya nne ilikuwa swali la yule mpishi, maneno matatu tu: "Mbona yananuka moshi?" Kicheko kikapita ukumbini, kile cha mtu aliyeshikwa akifikiria jambo hilohilo. Nikaweka picha ya mikono na gorfa. Nikaeleza. Mambo yakawa matamu, nikaanza kukimbia, nikakimbilia slaidi inayofuata. Nikamwona mume wangu amenyoosha kidevu kulia.

Kulia palikuwa na bwana mmoja mwenye kambi ya watalii, amekunja mikono, ameangalia dirishani. Zamani ningeongeza sauti. Sasa nikabonyeza kile kitufe kinachofanya skrini iwe nyeusi. Ukuta ukazimika, macho yote yakanijia mimi. Nikamwambia, "Bwana, samahani, nahisi kuna jambo sijakujibu."

Akashtuka. Kisha akasema, "Moshi sina shida nao. Mnaniambia mambo mazuri. Lakini mimi nilinunua maziwa ya ngamia mwaka fulani, kwa watu wengine, yakafika yamechanganywa na maji. Nitajuaje yenu?"

Swali hilo halikuwa kwenye slaidi yoyote. Nikamgeukia mwenyekiti wetu, nikamwambia, "Mama, mwambie."

Akasimama. Akaenda mbele na kile kipimo chetu cha kioo kinachofichua maji kwenye maziwa, akamimina maziwa, akatumbukiza, akamwita yule bwana aje asome mwenyewe. "Njoo. Macho yako, siyo maneno yangu." Yule bwana akainuka. Wengine wakainuka nyuma yake. Dakika mbili baadaye ukumbi mzima umezunguka meza, chupa ya chai inafunguliwa, vikombe vinapita, mtu anauliza habari za usafiri, mwingine anauliza kama tunaweza kumpa ya moshi na yasiyo ya moshi. Msimamizi akaja kunigusa bega. Nikajua muda umeisha. Akaniambia, "Dada, endelea tu. Hawa hawatoki hapa."

Slaidi tatu za mwisho hazikuonekana na mtu.

Sitawadanganya kuwa wote walinunua. Mwenye duka kubwa alisema njia ni ndefu, akaondoka kwa adabu. Lakini hoteli mbili zilianza kuchukua, na yule bwana wa kambi akaomba ya moshi pamoja na ile picha, aiweke mezani wageni wake waone mikono iliyotengeneza. Msimu wa mvua uliofuata nilipita uwanjani kwetu kila asubuhi. Mchanga ulikuwa mkavu.

Ukatibu sikurudishiwa, na sikuuomba. Yule binti anaufanya vizuri kuliko mimi. Mimi kazi yangu sasa ni kuwasaidia wenzangu kutayarisha maelezo yao: watu wa asali, watu wa ngozi, hata kijana mmoja wa vifaranga aliyekuja na slaidi hamsini. Nilimpeleka dukani kwa mume wangu. Ametoka huko na saba, na macho mekundu kidogo.

Namshukuru mwenyekiti wetu, aliyeniambia nipumzike bila kunitukana. Namshukuru mama wa Gotu, aliyenipa maziwa nilipostahili kufukuzwa. Namshukuru yule mpishi aliyesema ukweli. Namshukuru binti aliyekubali kusema hajaelewa, maana hilo neno limewashinda wengi wenye vyeti.

Na funzo langu ni dogo. Ukisimama mbele ya watu, iwe ni biashara, iwe ni kikao cha ukoo, iwe ni mtoto wako aliyekuja kuuliza swali, usimpe mgongo ukadhani unampa elimu. Weka jambo moja. Nyamaza alitazame. Kisha mwangalie usoni, yeye mwenyewe atakuambia useme nini baadaye. Na kama nyumbani kwako kuna mtu unayemficha watu wasimwone, fikiria vizuri. Huenda wewe ndiye uliyefichwa usione.

Chai naiona mlangoni. Jambo la mwisho, kisha nakaa.

Msipige makofi, tafadhali. Kuna mtu hapa hatayasikia, na maneno haya yote ni yake. Viziwi hushangilia hivi: mikono juu, vidole wazi, unaitikisa. Haya, inueni. Nyinyi wazee wa upande wa feni pia, msione haya. Juu zaidi kule nyuma. Itikiseni. Hivyo, hivyohivyo.

Msishushe kwanza. Bado anawaangalia.